Kisigino na Magunia ya Vinili

Miaka thelathini na moja nimefanya kazi nikiwa nimepiga magoti, na si kwa sala. Mimi ni fundi wa sakafu. Zile sakafu za plastiki unazozikanyaga hospitalini na mashuleni, laini, zenye mshono wa kutafuta kwa tochi, zinazopigwa deki zikang'aa, ndizo kazi yangu. Sisi tunaziita vinili. Zinakuja zimeviringishwa kama mikeka, watu wawili wanabeba moja, na wote wawili wanalalamika.

Siku zote hizo, vinili kuukuu niliijua kwa jina moja tu: taka. Unaikata, unaing'oa, unaitupa nje, lori linaipeleka jalalani, habari imekwisha. Sikuwahi kujiuliza inafika wapi. Halafu binti yangu akaajiriwa na kiwanda kinachosaga vinili kuukuu na kutengenezea mpya, na tangu hapo nyumbani kwangu chakula hakiliwi bila habari za taka. Mama yake anafurahia. Mimi nilikuwa nikijifanya hamnazo na kuomba niongezwe mchuzi.

Binti huyu tunamwita Kisigino. Jina alipewa na mafundi wenzangu alipokuwa na miaka saba. Sisi kabla ya kupaka gundi tunaikagua saruji kwa miguu mitupu. Macho hayaoni kila kitu, na chembe moja ya mchanga ikibaki chini, baada ya miezi miwili itajitokeza juu ya vinili kama chunusi, na kila apitaye ataiona na kuuliza fundi alikuwa nani. Kwa hiyo tunavua viatu na kutembea polepole, ukutani hadi ukutani. Shule zilikuwa zimefungwa wakati ule, mke wangu alikuwa na vitambaa vya watu vya kushona, basi mtoto nikamchukua kazini ili asimsumbue mama yake. Akanisumbua mimi. Miguu yetu ilikuwa imeshakuwa migumu kama soli, ya kwake ilikuwa laini. Alikuwa akitembea nyuma yetu na kuokota kwa nyayo tulichokipita. "Baba, hapa," anasema, kisha anakita kisigino na kukizungusha palepale kama anatoboa. Aliitembea korido nzima ya ghorofa ya kwanza, mita arobaini, kwenye hospitali moja iliyokuwa ikijengwa.

Miaka kumi na tisa baadaye hospitali ileile ikaamua kukarabatiwa. Wagonjwa wa ghorofa ya kwanza wakahamishiwa chini, na kazi ya kung'oa sakafu kuukuu na kutandika mpya tukapewa sisi watatu: mimi, mwenzangu Gundi, ambaye hajawahi kwenda nyumbani bila gundi kwenye nywele, na Bi Wembe, mwanamke wa maneno machache anayekata mstari ulionyooka bila rula. Siku ya kwanza tu, nani anapanda ngazi akiwa na kofia ngumu ya kiwanda na rundo la magunia matupu? Kisigino.

Alikuja kuzungumza na foremani. Huyu foremani ana kalamu sikioni ambayo sijawahi kuiona ikiandika, na ana majengo matano ya kukarabati mwaka huu. Alimsikiliza binti yangu huku akitazama saa. Akamwambia mbele yetu kwamba atampa lori moja. Vinili ya korido hii ikipokelewa kiwandani, majengo yote matano yatafuata utaratibu wake. Ikirudishwa, asije tena kumjazia magunia kwenye ngazi, kila kitu kitakwenda jalalani kama kawaida.

Kisigino akashukuru. Kisha akanivuta pembeni, karibu na ndoo za saruji.

"Baba, bado niko kwenye majaribio kazini," akaniambia. "Hili ni wazo langu mwenyewe, na wakubwa wamenikubalia shingo upande. Likiharibika hapa, sina pa kulipeleka. Naomba mnisaidie."

Tangu nimnunulie viatu vya sekondari, mtoto yule hakuwa ameniomba kitu. Nilijikohoza nikamwambia tutaona. Ndani ya moyo nilikuwa nimeshaapa kwamba kiwanda kile hakijawahi kupokea magunia kama yatakayotoka kwangu.

Masharti yake aliyaandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Vinili iwe kavu. Mgongo wake usiwe na saruji iliyoganda, maana saruji inavunja meno ya mashine ya kusagia. Misumari na vyuma vitolewe. Vigae vigumu vya zamani tukivikuta tusiviguse kabisa, vumbi lake ni sumu, vina watu wake wenye barakoa. Vipande vilazwe vimenyooka, mgongo juu, ili mkaguzi avione. Gundi akaisoma kwa sauti, akasema hata alipoposa hakupewa masharti mengi hivyo.

Tukaanza. Kung'oa vinili bila saruji si kazi ya nguvu. Ukiivuta kwenda juu kwa hasira, inabeba ngozi ya saruji na kuondoka nayo. Unaikata vipande vya upana wa mabega, unaanzia pembeni, unaivuta ikiwa imelala karibu na sakafu, polepole, huku mwenzako akisukuma kikwanguo chini yake. Siku mbili za kwanza niliona tunachezea muda. Siku ya tatu mkono ulikuwa umeshaizoea, na kipande kilikuwa kinatoka kizima kama ganda la yai lililochemshwa vizuri. Bi Wembe akawa anavijaza kwenye magunia kama karatasi ilivyosema.

Nikiri jambo moja. Kuing'oa sakafu niliyoitandika mwenyewe kulinikera. Miaka kumi na tisa imekanyagwa na machela, na viti vya magurudumu, na ndugu waliokuwa wakitembea huku na huku wakisubiri habari, na haikuwa na chunusi hata moja. Nilikuwa nikitafuta, nikiwa na kikwanguo mkononi. Hata moja. Nikajisikia mtu mzima wa maana, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Maana siku ya Alhamisi niliyatazama magunia yamepangwa ukutani, nikaona aibu. Vipande vilikuwa na vumbi, alama za magurudumu, madoa ya dawa za rangi ya kahawia, mabaki ya gundi. Hii ndiyo mali atakayoipeleka binti yangu mbele ya wakubwa wake? Nikateremka uani kwa kina mama wa dobi wanaofua mashuka ya hospitali, nikaomba mpira wa maji, sabuni na brashi. Sita kati ya magunia ishirini na mawili yalikuwa yameshafungwa na kuteremshwa. Kumi na sita yaliyobaki nikayateremsha na kuyamwaga yote, nikaanza kusugua vinili kipande kimoja kimoja.

Bi Wembe alikuja akanisimamia.

"Fundi, karatasi imesema kavu," akasema.

Nikamwambia jua lote hili kazi yake ni nini. Kwake yeye, maneno yale manne yalikuwa hotuba nzima. Gundi alikuwa upande wangu, lakini Gundi huwa upande wa yeyote mwenye mpira wa maji siku ya joto.

Vilipong'aa tukaviacha juani kidogo, tukala, tukapiga soga. Kisha nikafanya kile ambacho fundi wa sakafu pekee angekifanya. Kwetu sisi, vinili nzuri haikunjwi wala hailazwi ovyo. Inaviringishwa, uso nje, imebanwa kiasi kwamba kidole hakipiti, inafungwa kamba sehemu mbili kwa fundo letu. Ndivyo inavyotoka dukani, na ndivyo tunavyoirudisha inapobaki. Mikono yangu haijui namna nyingine ya kuiheshimu. Tukaviringisha vyote, tukavisimamisha ndani ya magunia kimoja kimoja kama askari. Wagonjwa wakatoka kuja kutazama. Mama mmoja wa dobi akaniuliza bei kwa mita. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, na mke wangu akaniuliza kama nimeokota kitu.

Ijumaa saa tatu asubuhi lori likaingia. Kisigino akashuka na ubao wake wa kuandikia, foremani akaja na kalamu yake sikioni, na mimi nikasimama kando ya magunia yangu nikiwa nimevaa shati safi. Naam, nilivaa shati safi.

Alianza na yale sita ya Bi Wembe. Alitoa vipande vitatu vitatu, akapitisha kiganja mgongoni mwa kila kimoja, polepole, macho yake yakiwa yametazama pengine. Nikautambua mwendo ule. Ni wa miguu yetu, ameuhamishia mkononi. Sita yote yakapita.

Kisha akafungua gunia langu la kwanza. Akatoa kile kiviringo, akakigeuzageuza, nikamwona anatabasamu kwa kuliona fundo letu. Akakata kamba, akakikunjua. Maji yakamwagika kwenye viatu vyake.

Si matone. Maji. Yalikuwa yamekaa mle katikati ya mikunjo, mahali ambapo jua halifiki hata likiambiwa. Na pamoja nayo ukashuka uji wa kijivu, vumbi la saruji lililoloweshwa na sabuni yangu, ambalo sasa lilikuwa limejipaka mgongo mzima. Jana kipande kile kilikuwa na vumbi la kupangusa kwa kitambaa. Mimi ndiye niliyekitengenezea saruji.

Alifungua la pili, la tatu, mpaka la kumi na sita. Gundi alikuwa anasoma maandishi kwenye tairi la lori.

Kisigino akasimama, akanitazama.

"Baba, haya siyapokei."

Foremani akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kwenda zake. "Huyu si baba yako? Andika yamepita, lori liondoke. Nani atajua?"

"Mashine itajua," akasema. "Maji yakiingia kwenye joto yanatoa mapovu, na sakafu mpya inatoka na vishimo. Nikiandika yamepita nitakuwa nimedanganya kiwanda na nimekudanganya wewe."

Sasa niseme ukweli. Damu ilinipanda. Mbele ya foremani, mbele ya dobi, mbele ya Gundi, mwanangu niliyembeba mgongoni ananikatalia kazi. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, lile neno la kumkumbusha mimi ni nani. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kulisemea.

Lakini nikakumbuka korido ile, miaka kumi na tisa nyuma. Bosi wangu wa wakati ule alikuwa amesimama mlangoni anahimiza, gundi iko tayari kwenye ndoo, mimi nimeshasema pako sawa. Na mtoto wa miaka saba akasema, "Baba, bado." Nilimfokea siku ile. Kisha nikapiga magoti na kukwangua, kwa sababu alikuwa sahihi. Jana tu nilikuwa nikijipiga kifua kwa sakafu isiyo na chunusi, na nusu ya sifa ile ilikuwa yake.

Nikaitoa ile pumzi.

"Hayajapita," nikamwambia foremani. "Karatasi ilisema kavu. Kosa ni langu, tena Bi Wembe aliniambia."

Bi Wembe akatazama juu mawinguni kwa adabu.

Foremani akaangalia saa yake. Akasema lori litakaa mpaka saa kumi alasiri, si dakika zaidi. Baada ya hapo litabeba kila kitu, na litakwenda jalalani, na mazungumzo yamekwisha. Kisigino akaitikia kwa kichwa. Kisha akavua koti la kiwanda, akakunja mikono ya shati.

Siku ile sitaisahau, na si kwa ubaya. Mashuka ya hospitali yakasogezwa, vinili ikaanikwa kwenye kamba za dobi, vipande vikubwa vikalazwa juu ya ukuta wa uani, mgongo juani. Kina mama wa dobi wakatupa matambara na maneno. Mmoja akasema tangu azaliwe hajawahi kufua sakafu, na yule aliyeniuliza bei jana sasa akataka nimlipe yeye. Gundi akawa anakwangua ule uji wa saruji uliokauka, huku akilalamika kwa mpangilio mzuri kabisa. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua kwenye mabenchi wakashindwa kuvumilia kutazama. Mzee mmoja mwenye mguu wa plasta akaomba apewe kipande apanguse. Tukampa. Akamaliza akaomba kingine, na muuguzi alipokuja kumwita kwa dawa akamwambia dawa isubiri, yuko kazini.

Sikuwa na muda wa kuzungumza na binti yangu, naye hakuwa na muda wa kunionea huruma. Tulishika kipande pande mbili, tukakikung'uta, tukakigeuza, tukakilaza. Mara moja tu, tukiwa tumeshika kipande cha mlango wa chumba cha saba, aliniuliza kama nimekasirika.

"Nilikasirika," nikasema. "Dakika kama mbili hivi."

"Mimi niliogopa," akasema.

"Haikuonekana."

Akacheka, tukageuza kipande.

Saa tisa na dakika arobaini alivaa tena koti lake, akachukua ubao, akaanza upya. Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuogopa, maana sasa sikuwa na kiburi cha kunisaidia. Kiganja, mgongo wa vinili, macho pengine. Gunia moja likapita. Matatu. Kumi. Foremani akarudi, akasimama nyuma yake, safari hii bila kutazama saa. Likapita la kumi na tano. Akafungua la kumi na sita, la mwisho, akachomoa kipande cha chini kabisa, akakiweka shavuni.

"Hili bado lina unyevu," akasema. "Libaki."

Foremani akamwambia gunia moja kati ya ishirini na mawili si kitu, alipakie tu. Kisigino akatikisa kichwa, akalibeba mwenyewe mpaka pembeni ya ukuta na kuliweka chini. Akaandika kwenye ubao: ishirini na moja yamepokelewa, moja limekataliwa, lianikwe mpaka likauke. Akanipa nitie sahihi kama fundi mhusika. Nikatia, kwa herufi zinazosomeka.

Foremani aliikazia macho karatasi ile. Kisha, mimi shahidi, akaichukua kalamu sikioni. Akaandika nyuma yake majina ya yale majengo manne yaliyobaki na tarehe za kuanza kung'oa.

"Kama amemkatalia baba yake mara mbili kwa siku moja," akaniambia, kana kwamba binti hayupo, "basi mimi kiwandani sitapata aibu."

Lori likaondoka saa kumi kasoro dakika tatu. Gundi akalipungia mkono kama linakwenda na mchumba wake. Mimi nikakaa chini juu ya lile gunia lililokataliwa, nikajikuta ninatabasamu peke yangu. Nilikuwa na furaha, sina namna nyingine ya kuieleza. Nilikuwa nimekataliwa, na nilikuwa na furaha.

Kisigino hakuondoka na lori. Alisema tutaongozana nyumbani, mama yake ameahidi kupika mapema. Nikamwambia kwanza apande aone korido. Nusu yake tulikuwa tumeshaisawazisha kwa saruji mpya tangu Jumanne, imekauka, kesho yake tunapaka gundi. Asubuhi ile, kabla sijavaa shati safi, nilikuwa nimeikagua mwenyewe kwa miguu mitupu, mara mbili. Ilikuwa nyeupe na tulivu, mwanga wa madirisha umelala juu yake.

Akaitazama. Akanitazama mimi. Akainama akafungua kamba za viatu, ambavyo bado vilikuwa na maji yangu, akavua na soksi, akakunja suruali.

Akaanza kutembea. Si miguu midogo tena, lakini mwendo ni uleule, ukutani hadi ukutani, mikono nyuma. Mimi nikamfuata hatua tatu nyuma, bila viatu, kikwanguo mkononi kwa mazoea tu, maana nilijua pako sawa. Akapita chumba cha kwanza, cha pili, cha tano. Gundi na Bi Wembe wakasimama kwenye ngazi.

Mbele ya mlango wa chumba cha saba akasimama. Akarudisha mguu nusu hatua. Akakita kisigino, akakizungusha palepale.

"Baba, hapa."

Nikapiga magoti, nikaanza kukwangua. Alisubiri mpaka nilipopuliza vumbi, akapitisha unyayo juu yake, kisha tukaendelea na chumba cha nane.